Tiba Kazi Nje ya Wodi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa. Yanatoka kwa wanafunzi wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo, wenzangu waliomaliza chuo na bado wanasubiri ajira, na wazazi wanaotaka kujua kama fani hii itamlisha mtoto wao. Nilianza katika hospitali ya wilaya, kisha nikatoka, kwa hiyo majibu yanaegemea niliyoyaona. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya. Kama tayari uko kwenye fani, ruka moja kwa moja hadi swali la 4.

## Ya msingi

1. Tiba kazi ni nini hasa? Mnawatafutia watu ajira?

Hapana. "Kazi" hapa ni shughuli, yaani chochote kinachojaza siku ya mtu: kuoga, kufunga kanga, kusonga ugali, kuandika daftarini, kutawadha, kuuza genge, kucheza rede. Mtaalamu wa tiba kazi anauliza shughuli gani imekushinda, kwa nini imekushinda, na nini kibadilike ili uiweze tena. Kinachobadilika chaweza kuwa mwili wako, namna unavyoifanya shughuli, kifaa unachotumia, au mahali penyewe.

Kwenye baadhi ya matangazo ya ajira Tanzania utakutana na jina "tiba kwa vitendo". Wodini wengi husema OT tu, kwa fani na kwa mtaalamu wake. Ni fani ileile.

2. Inatofautianaje na fiziotherapia?

Chukua mama aliyepata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Mtu wa fiziotherapia atashughulikia nguvu za misuli, kusimama bila kuyumba, na kutembea. Mimi nitataka kumwona jikoni kwake. Sufuria inazunguka kwa sababu hakuna mkono wa pili wa kuishika, basi tutaiwekea kishikizo cha mbao. Jiko liko chini mno, basi tutalipandisha juu ya matofali. Mwiko una mpini mwembamba, basi tutauzungushia mpira wa ndani ya tairi ili kiganja kiukamate. Fani hizi mbili zinaingiliana, na mgonjwa akipata zote mbili kwa pamoja ndipo anapopona vizuri.

3. Hizi njia mpya za kufanya tiba kazi nje ya hospitali ni mtindo wa siku hizi tu?

Swali hili huulizwa kana kwamba tiba kazi ilizaliwa hospitalini na sasa inatoroka nyumbani. Historia inasema vingine. Machi 1917, katika kijiji cha Clifton Springs, jimbo la New York, watu sita walikutana kuanzisha chama cha kwanza cha kitaifa cha fani hii Marekani. Daktari alikuwa mmoja tu, William Rush Dunton, wa magonjwa ya akili. George Barton na Thomas Kidner walikuwa wasanifu majengo. Eleanor Clarke Slagle alitokea ustawi wa jamii, Susan Cox Johnson alifundisha kazi za mikono, na Isabel Newton alikuwa katibu. Barton mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu na kupooza upande mmoja, kisha akajirudishia uwezo kwa kulima bustani na kufanya useremala.

Kwa hiyo OT anayekaa na msanifu wa majengo kujadili upana wa mlango wa choo yuko mahali ambapo fani ilianzia. Hospitali ilikuja kutuchukua baadaye, hasa baada ya vita mbili za dunia kuacha majeruhi wengi. Tuliizoea hadi tukadhani ndiyo nyumba yetu pekee.

## Njia zenyewe

4. Nikitoka hospitalini, nani atanilipa?

Naliweka swali hili mbele kwa makusudi, kwa sababu wengi huchagua njia kwanza kisha wanatafuta mteja, na huishia kuchoka. Anza upande wa pili: shughuli fulani isipofanyika, nani anabeba hasara? Huyo ndiye atakayelipa.

Mfanyakazi akiumia mgongo, anayebeba hasara ni mwajiri na mfuko wa fidia. Tanzania, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015, unaorodhesha huduma ya utengamao, yaani kumrudishia mtu uwezo baada ya kuumia, miongoni mwa mafao yake. Mzee akianguka bafuni, hasara ni ya watoto wake. Mtoto asipoweza kukaa darasani, hasara ni ya mzazi na shule. Wateja wa kampuni ya simu wakishindwa kutumia huduma, hasara ni ya kampuni.

Mgonjwa mwenyewe, mara nyingi, ndiye mwenye fedha kidogo kuliko wote katika orodha hiyo. Usimfanye yeye kuwa msingi wa kipato chako. Mpangilio huo utakuumiza wewe na utamuumiza yeye.

5. OT anafanya nini kiwandani au shambani?

Anatazama watu wakifanya kazi, kwa muda mrefu kuliko msimamizi anavyodhani inahitajika. Elimu hii inaitwa ergonomia: kuipatanisha kazi na mwili wa mtu, badala ya kuulazimisha mwili uizoee kazi. Unahesabu kiwiko kinapinda mara ngapi kwa dakika. Unapima mzigo unabebwa mbali kiasi gani na kifua, na meza inamfikia mtu wapi. Unawauliza wafanyakazi panauma wapi ikifika saa tisa alasiri, na unawauliza msimamizi akiwa hayupo. Ndipo unapopendekeza: meza ipande, mikanda ya kikapu iwe miwili, watu wabadilishane kituo kila baada ya saa mbili.

Anayedhani haya ni mambo madogo atazame Kericho. Wachuma chai wa huko walifungua shauri Scotland, ambako kampuni iliyowaajiri imesajiliwa, wakidai kuumia migongo na maungo kutokana na namna kazi ilivyopangwa. Mwaka 2022 mahakama ya Edinburgh iliwaruhusu mamia yao kuendesha kesi kama kundi moja. Mwaka uliofuata majaji wa rufaa waliisimamisha ili madai yapitie kwanza utaratibu wa fidia wa Kenya. Mimi nikiisoma kesi ile naona vikapu, mashine za kuchumia, miteremko na saa za kazi, vitu ambavyo OT angeweza kuvipima miaka mingi kabla ya wakili kuitwa.

Ukienda kwa mwajiri, nenda na sheria mkononi. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini. Kenya ina sheria mbili za 2007, moja ya usalama kazini na nyingine ya fidia ya majeraha ya kazini. Kuna na mlango mwingine ambao wenzangu wengi hawaujui: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Waajiri wengi huniambia hawajui waanzie wapi. Kazi ipi inamfaa mtu huyu? Kituo chake cha kazi kipangwe vipi? Hayo ndiyo tuliyosomea.

6. Nimesikia watu walio ng'ambo wanalipia OT kwa ajili ya wazazi wao. Ni kweli?

Ni kweli, na kwa maoni yangu hii ndiyo njia inayokua bila kelele kuliko zote. Mama yuko Marangu au Kisii, amepata kiharusi au magoti yamechoka. Watoto wako Minnesota, Reading, Muscat. Wanatuma fedha, lakini hawajui zinafanya nini. Wanamwajiri binti wa kumsaidia, naye kwa huruma anamlisha, anamwogesha na kumvalisha, mpaka mama anapoteza hata ule uwezo mdogo aliobaki nao.

OT anakuja kufanya tathmini nyumbani, anapanga siku ya mama upya, na anamfundisha yule binti aache nini na asaidie nini. Kisha anaandika taarifa fupi kila mwezi: sasa mama anavaa blauzi mwenyewe, bado hawezi kutoka kitandani usiku bila kushikwa, tunahitaji taa na kishikio. Kwa mtoto aliye mbali taarifa hiyo ina thamani kubwa, kwa sababu kwenye simu mama husema tu, "Sijambo, mwanangu."

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, anayelipa ni mtoto lakini mgonjwa wako ni mama. Asilolitaka mama usilifanye kwa sababu bili imelipwa kutoka Texas. Pili, ndugu waliobaki nyumbani wanaweza kukuona mpelelezi. Salimia kila mtu, kaa, kunywa chai, waeleze kazi yako kabla ya kufungua daftari.

7. Marekebisho ya nyumba ni kazi ya fundi. Mimi naingiaje?

Fundi anajua kujenga ngazi. Hajui baba mwenye ugonjwa wa Parkinson huganda mguu pale hasa sakafu inapobadilika rangi. Mkiwa wawili, kazi inakamilika. Marekani, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ulibuniwa mpango uitwao CAPABLE unaopeleka nyumbani kwa mzee watu watatu: OT, muuguzi na fundi. Mzee ndiye anayetaja anachotaka kukiweza, kisha watatu wale wanakifuata.

Kwetu nyumba ni tofauti, na hapo ndipo ubunifu unapohitajika. Choo cha shimo kinaweza kuwekewa kiti cha mbao chenye tundu na vishikio viwili vya bomba la chuma. Kizingiti kirefu cha mlango kinaweza kupata mteremko wa zege. Kamba ngumu ya katani iliyofungwa toka mlango wa nyumba hadi choo, kimo cha kiuno, ilimwezesha babu mmoja asiyeona kwenda haja usiku bila kumwamsha mtu. Tafuta fundi mmoja mwaminifu na umlipe vizuri. Ukimpata huyo, tangazo la kazi yako atalibeba yeye.

8. Shuleni kuna nafasi?

Zipo, hasa shule binafsi na vitengo vya elimu maalumu. Kenya ina vituo vya tathmini ya kielimu, EARC, tangu 1984, na OT anafaa kabisa pale. Watoto wenye usonji, mtindio wa ubongo au ugumu wa kuandika wanahitaji mtu anayeweza kutofautisha utundu na mwili unaotafuta utulivu. Onyo langu ni moja: usimtoe mtoto darasani kila siku kwenda "chumba cha tiba". Ingia darasani. Kiti kinachoifanya miguu ifike sakafuni na penseli iliyonenepeshwa kwa kitambaa vitamfaa kwa saa sita, na kipindi chako ni cha dakika arobaini.

9. Vifaa saidizi: ni biashara au ni tiba?

Vyote viwili, na ukivitenganisha unaharibu. Nimeona viti mwendo vya msaada vimepangwa uani vikiota kutu kwa sababu vyote vilikuwa saizi moja, na hakuna aliyempima mtumiaji nyonga. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 unaitaja huduma ya kiti mwendo kuwa na hatua nane, tangu rufaa na tathmini hadi kumfundisha mtumiaji na kufuatilia matengenezo. Kukabidhi kiti chenyewe ni hatua moja tu kati ya hizo. Mwaka 2016 shirika hilohilo lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele, na humo mna vitu rahisi kama fimbo, vishikio na visanduku vya kupangia dawa. Isome orodha hiyo ukitafuta wazo la biashara.

Kama huna mtaji, jifunze teknolojia ya karatasi iliyoanzia Zimbabwe: maboksi chakavu yanabandikwa tabaka juu ya tabaka kwa uji wa unga, yanakauka na kuwa magumu kama mbao. Kiti cha mtoto mwenye mtindio wa ubongo kinatengenezwa kwa siku kadhaa, kwa vipimo vyake mwenyewe, na mama anaweza kujifunza kukitengeneza. Adui yake ni maji, kwa hiyo kipake rangi ya mafuta au vanishi.

10. Sijui kuandika programu. Kampuni za teknolojia zitanihitaji kwa lipi?

Kwa jicho lako. Mpe mzee anayetetemeka mikono simu ya kitochi, mwambie atume fedha kwa menyu ya nyota mia na hamsini. Mtazame. Kabla hajamaliza kuandika namba, muda umekwisha na menyu imefungwa. Anaanza upya. Mara ya tatu anampa kijana wa jirani simu pamoja na namba ya siri. Muundaji wa huduma anaona "mteja amekatisha". Wewe umeona mtetemo, macho hafifu, muda mfupi mno, na mzee aliyelazimika kumwamini asiyemjua.

Uwezo wa kuivunja shughuli katika hatua ndogondogo na kutaja ni hatua ipi inamwangusha nani ndio wanaouhitaji watu wa usanifu wa huduma. Jifunze lugha yao kidogo, soma miongozo ya WCAG ya ufikivu wa mtandao, kisha peleka majaribio ya watumiaji watano yaliyoandikwa vizuri. Utasikilizwa kuliko ukipeleka wasifu wako.

11. Kambi za wakimbizi na mashirika?

Nyarugusu kule Kigoma, Kakuma na Dadaab nchini Kenya, ni makazi ya maelfu ya watu kwa miongo sasa, na ulemavu haukai nyuma mpakani. Kazi ni ya mikataba mifupi na inachosha roho. Kiswahili ni silaha yako kwa Wakongo na Warundi wengi. Jiandae kufundisha wahudumu wa jamii zaidi ya kutibu kwa mikono yako.

12. Afya ya akili na magereza je?

Afya ya akili ni ya asili kwetu, na kinachokua ni kuitoa nje ya hospitali kubwa kama Mirembe na Mathari: vikundi vya kijamii, nyumba za waliopona uraibu, bustani za pamoja. Magerezani njia bado ni nyembamba, na wachache wanaoingia hupitia mashirika. Ukiipata nafasi hiyo, ichukue.

## Kuanza

13. Nina diploma tu. Njia hizi ni za wenye shahada?

La. Diploma ya KCMC pale Moshi na ile ya KMTC Kenya zimelea wataalamu wengi ninaowaheshimu. Kazi za maswali ya 6, 7 na 9 zinahitaji mikono na busara kuliko cheti cha pili. Shahada inakuwa na uzito ukitaka kufundisha chuo, kufanya utafiti, kuandika ripoti za kitaalamu mahakamani, au kwenda nje (swali la 18).

14. Nimemaliza chuo juzi. Nianze moja kwa moja nje ya hospitali?

Ningekuwa kaka yako ningekuambia subiri miaka miwili. Kiwango cha Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba Kazi (WFOT) ni angalau saa 1,000 za mafunzo ya vitendo, nazo zinakufanya uwe salama, bado hazijakufanya uwe mzoefu. Nje uko peke yako. Hakuna daktari mlango wa pili wa kumuuliza kwa nini mguu wa mzee umevimba ghafla.

Mimi nilipopangiwa hospitali ya wilaya, chumba changu kilikuwa stoo ya stendi mbovu za dripu, na kwa miezi ya mwanzo nililetewa watoto wa mtindio wa ubongo peke yao. Nililalamika sana. Halafu akaja fundi cherehani aliyekatwa kano za mkono katika ajali ya bodaboda. Mkono ulipona, vipimo vyote vikawa vizuri, lakini kila wiki alirudi akisema hawezi kazi. Siku moja nikapanda naye daladala hadi kibandani kwake. Tatizo lilikuwa mkasi, ule wa chuma mzito, na meza ya kukatia iliyomfanya ainue bega. Tukanunua mkasi mwepesi wenye springi, tukapandisha meza, na baada ya wiki mbili alikuwa anashona sare za shule. Safari ile ndiyo iliyonitoa hospitalini, ila kusoma mkono wake nilijifunzia ndani ya stoo ile.

15. Mtaji wa kuanzia ni nini?

Futi ya kupimia, daftari, simu yenye kamera, nauli. Kisha rafiki fundi. Kodi ya ofisi ndiyo inayowaua wengi mapema. Shughuli ya mtu iko kwake, na huko ndiko unakokwenda. Chumba kitafute wateja wakishakuzidi.

16. Nitoze bei gani?

Usinakili bei ya hospitali, maana huko jengo na mshahara vinalipwa na mwingine. Andika saa zote zinazoingia katika mteja mmoja: simu ya kwanza, safari, tathmini, kuandika ripoti, ufuatiliaji. Ziara ya saa moja kwa kawaida hula nusu siku. Gawanya unachohitaji kuishi kwa mwezi, pamoja na kodi, ada ya leseni na akiba ya mwezi mkavu, kwa idadi ya nusu siku unazoweza kufanya bila kuugua. Hiyo ndiyo bei yako ya chini. Kwa asiyeweza kulipa, tenga idadi fulani ya wateja kila mwezi na uwahudumie kikamilifu. Kumpunguzia kila mtu kidogokidogo kutakufungisha mlango.

17. Ninahitaji usajili hata kama simtibu mtu?

Baki umesajiliwa. Kenya ina sheria mahususi ya mwaka 2017 ya mafunzo, usajili na leseni za tiba kazi, na baraza lake. Kwa nchi nyingine fuata chombo kinachosimamia taaluma yako. Hata ukiwa mshauri wa kampuni ya simu, siku utakapotoa ushauri kuhusu mwili wa mtu umeingia kwenye tiba. Na usijiite jina usilolisomea. Kozi ya siku tatu ya ergonomia inakufanya OT mwenye maarifa ya ergonomia, basi.

18. Nikitaka kwenda Uingereza, Marekani au Ghuba?

Uingereza usajili ni wa HCPC, baraza la wataalamu wa afya, na bila huo huruhusiwi kutumia jina la fani. Marekani ina mtihani wa NBCOT, bodi ya taifa ya vyeti vya tiba kazi, na kiwango cha kuingilia fani ni shahada ya uzamili au zaidi, kwa hiyo mwenye diploma atarudi darasani kwanza. Nchi za Ghuba huhakiki vyeti vyako kwa chuo kilichovitoa. Popote uendako utaulizwa saa za vitendo na kama programu yako ilitambuliwa na WFOT wakati ulipohitimu. Omba barua hizo chuoni sasa, kabla walimu wanaokufahamu hawajastaafu.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba huko pia kazi kubwa iko majumbani na shuleni. Uzoefu wa maswali ya 6 hadi 8 unahesabika kwenye wasifu. Uandike.

## Yale magumu

19. Mwajiri anataka ripoti inayosema mfanyakazi amepona, na mimi naona hajapona.

Andika ulichopima: ananyanyua kilo ngapi, anasimama dakika ngapi, kazi yake inadai nini, pengo liko wapi. Pendekeza arudi kidogokidogo, au kazi nyepesi kwa muda uliotajwa. Mwajiri akikubadilishia sentensi, ondoa jina lako. Niliwahi kupoteza mkataba kwa sababu hiyo, na mfanyakazi yule alisukumwa kurudi akaumia tena. Bado naona vibaya kwamba sikupiga kelele zaidi.

Kabla ya kuanza kazi yoyote ya namna hii, mweleze mfanyakazi mbele ya mwajiri ni taarifa zipi zitafika kwa nani. Ugonjwa wake ni siri yake. Mwajiri anahitaji kujua anachoweza na asichoweza kufanya.

20. Mzazi anataka nimwone mtoto kwa WhatsApp tu.

Tiba mtandao inafaa kumwongoza mzazi, kufuatilia, kutazama jinsi mtoto anavyokula mezani kwao. Haifai kuwa tathmini ya kwanza ya mtoto mwenye degedege, anayepaliwa akimeza, au aliyerudi nyuma ghafla. Hao wapeleke hospitali. Video unazopokea ni taarifa binafsi chini ya sheria, ya 2022 kwa Tanzania na ya 2019 kwa Kenya. Zisikae kwenye simu ambayo wanao huchezea. Kama familia iko nchi nyingine, uliza kwanza kama leseni yako inafika huko.

21. Nawezaje kujitangaza bila kuonyesha watoto wa watu?

Onyesha mikono yako, kifaa, kiti kabla ya mtu kukikalia. Eleza namna ya kumlisha mtoto kwa kutumia mwanasesere. Ridhaa ya mama aliyekata tamaa na anayekutegemea ni ridhaa dhaifu, hata akiitia sahihi. Mtoto huyo atakua, na video itakuwa bado iko pale.

22. Familia inataka "mazoezi ya mkono" na kuchua tu. Shughuli za nyumbani wanaziona si tiba.

Hili liko kila mahali. Usibishane. Anza na walichoomba kwa dakika kumi, kisha mwombe mgonjwa amenye ndizi, au akunje shuka na mjukuu. Familia ikimwona anafanya jambo aliloshindwa mwezi mzima, maneno yako hayahitajiki tena. Wakiwa pia wanakwenda kwa mganga, uliza kwa heshima anapewa nini na anachuliwa wapi, maana bega lililolegea kwa kiharusi likivutwa linaweza kuteguka.

23. Sasa nafanya kazi ya usanifu wa huduma, sijagusa mgonjwa mwaka mzima. Bado mimi ni OT?

Kama bado unaanza na mtu, shughuli yake na mahali anapoifanyia, ndiyo. Ninakushauri siku moja kwa mwezi ukae na watu walioshindwa kufanya jambo, kliniki au nyumbani kwao. Macho hufifia bila mazoezi.

24. Nikijaribu nikashindwa, hospitali itanipokea tena?

Ukiwa na leseni hai na kumbukumbu za mafunzo endelevu, kwa kawaida ndiyo, ingawa serikalini utaomba upya kama wengine na cheo cha zamani hakikusubiri. Kwa hiyo ukiweza, anza kwa likizo bila malipo au kwa siku za mapumziko kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi.

Mimi mwenyewe nilirudi kwa miezi minane, mwaka ambao wateja walikauka. Stoo yangu ya zamani nilikuta imepakwa rangi, ina meza mbili, na OT kijana aliyeniachia meza ya dirishani. Ukutani alikuwa amebandika orodha ya nyumba za kutembelea kila Alhamisi.